Kadi Zinazonikimbia

2 Machi

Daktari wa masikio ametutaka tuandike kila siku mtoto anasikia nini na hasikii nini. Mama Chiriku kasema yeye hana kalamu ya kuandikia mabaya. Basi naandika mimi, fundi wa friji, ambaye tangu niache shule sijaandika kitu kirefu kuliko "kompresa imekufa".

Chiriku ni binti yetu wa pekee, ana miaka minane. Jina hilo nilimpa mimi kwa sababu hazibi mdomo. Anaongea akila, anaongea akiogeshwa, hata ukimkaripia anaongea juu yako. Sikio la kushoto limekwisha tangu mwaka jana. La kulia lina kifaa, na kwa kifaa hicho bado anatusikia. Daktari anasema nalo linashuka: huenda likashuka taratibu kwa miaka, huenda likaporomoka siku moja tu, akipata homa kali au akijigonga kichwa. Nikauliza kama kuna dawa ya kulizuia. Akaanza kupanga karatasi zake mezani, nikajua jibu.

3 Machi

Amesikia: mlango, honi, sauti yangu. Hakusikia: birika likichemka, mvua ilipoanza juu ya bati. Nimeogopa hiyo ya mvua.

7 Machi

Leo tumekwenda, mimi na Chiriku, kwa mwalimu wa lugha ya alama. Ni mwanamke wa makamo, kiziwi tangu kuzaliwa, na ana jicho la ukali la kiranja wa darasa. Hana haja ya kupaza sauti. Akikuangalia tu unakaa sawa. Akaniandikia kwenye ubao wake mdogo: "Jifunzeni sasa, angali anasikia. Uziwi ukija, msije mkaanza na herufi." Akafuta kabla sijamaliza kuogopa.

Alitupa mafungu ya kadi za kwenye kompyuta. Shemeji, mdogo wake Mama Chiriku, anayetengeneza simu, ndiye aliyeziweka kwenye tableti ya nyumbani. Kadi inakuonyesha picha au neno. Wewe unatoa alama kwa mikono. Unageuza, unamwona Mwalimu akiitoa yeye. Halafu unabonyeza: Tena, ikiwa umeshindwa, Ngumu, ikiwa umeipata kwa taabu, Nzuri, au Rahisi. Programu yenyewe ndiyo inayopanga lini kadi irudi. Uliyoshindwa inarudi papo hapo. Unayoijua inakwenda siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi.

"Inakuja kukupigia hodi pale pale unapotaka kusahau," Shemeji akasema. "Inakujua kuliko unavyojijua."

Mama Chiriku alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Hakuinua kichwa. Chiriku alipotoka nje ndipo aliposema.

"Mtoto anasikia, nyie mnamfundisha ububu."

"Daktari kasema..."

"Daktari kasema huenda. Wewe unalifungulia mlango. Mimi hayo mambo ya mikono simo, Baba Chiriku. Usiniingize."

Nikafunga tableti. Kuna kukaidi kwa kawaida, na kuna kukaidi kwa huyu.

8 Machi

Maji, mkate, ng'ombe, samaki, mama, baba. Nimezipata zote. Chiriku ananicheka: eti ng'ombe wangu ana pembe za mbuzi.

15 Machi

Ratiba yangu ni hii: nikirudi kazini naoga, nakula, nakaa na tableti. Kazi ya mchana kutwa nimeinama kwenye mafriji ya watu inanimaliza, lakini najikaza kisabuni. Mama Chiriku hutoka sebuleni nikianza. Anaona bora akaoshe sufuria zilizokwisha kuoshwa.

Amesikia: kengele ya baiskeli, kwa karibu. Hakusikia: mama yake akimwita kutoka jikoni, mara tatu.

19 Machi

Kuna kitu hakiko sawa na hizi kadi. Wiki iliyopita nilishindwa kabisa na neno "maumivu". Leo nikaikumbuka, nikajiuliza mbona hairudi. Nikaitafuta kwenye orodha ya kadi zote. Programu inasema itarudi Juni. Juni! Hata vidole vinaanzia wapi sijui.

22 Machi

Nimempelekea Shemeji tableti. Akaangalia saa na tarehe. "Tarehe ikikosewa, programu inachanganyikiwa, inadhani mwezi umepita." Tarehe ilikuwa sawa.

Akaniuliza: "Ukishindwa unabonyeza nini?"

Nikamwambia: Ngumu.

Alicheka mpaka mteja wake akageuka. "Shemeji! Ngumu maana yake umeipata! Umeipata kwa shida, lakini umeipata. Ukishindwa ni Tena. Wewe umekuwa ukiidanganya mashine kwamba unajua."

Kweli, sikupenda kubonyeza Tena. Inarudisha kadi mwanzo kabisa, kama mtoto aliyerudia darasa. Nikaahidi kuacha majivuno. Nimerudi nyumbani nikiwa na nafuu, nikijua ugonjwa ni huo.

28 Machi

Ugonjwa si huo. Nimebonyeza Tena wiki nzima kwa uaminifu, na bado kadi zinanikimbia. "Hospitali" sijaiona tangu siku ya pili. "Ogopa" sijaiona. Inayorudi ni mbuzi, kikombe, na wale samaki.

Mvua hazikatiki. Kila mtoto darasani kwa Chiriku ana kikohozi. Nimemkataza kucheza nje, akanung'unika kutwa. Nanung'unikiwa kwa mdomo, nashukuru.

2 Aprili

Shemeji ameweka ukomo: hakuna kadi kukaa zaidi ya wiki mbili bila kurudi. Zile zilizokwenda mbali amezirudisha kwa nguvu. "Sasa zikikukimbia nitafunga duka," akasema.

3 Aprili

Nimerudi, nimeoga, nimekula, nimefungua tableti. Ikaniandikia: "Hongera! Umemaliza kwa leo."

Sijagusa kadi hata moja.

4 Aprili

"Hongera! Umemaliza kwa leo." Na chaji imebaki kidogo kabisa. Nimemgombeza Chiriku kwamba anachezea michezo. "Haki ya Mungu siyo mimi, Baba!" Sauti yake imeanza kuwa kubwa kupita kiasi, kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya barabara. Sikumwamini. Kalala amenuna.

6 Aprili

Nimempigia Shemeji. Akasema programu haiwezi kujimaliza yenyewe. Kadi haiendi mpaka mtu ameibonyeza.

"Basi nani anabonyeza?"

"Wewe, Shemeji. Labda unazifanya ukiwa umechoka, halafu unasahau kama umezifanya."

Alitania. Mimi sikucheka. Nimekaa kitandani nikijihoji: jana baada ya kula nilifanya nini? Nakumbuka sahani. Nakumbuka kuoga, kisha usingizi. Katikati hapo sikumbuki kitu. Leo kwa mteja nilisahau bisibisi ndani ya friji, nikapanda tena ngazi zote kuifuata. Marehemu baba yangu alianza hivi hivi, na vitu vidogo. Sitaki kuliandika zaidi hili.

7 Aprili

Hongera. Hongera gani?

11 Aprili

Kwa Mwalimu. Chiriku alisimulia kwa mikono kisa cha mbwa wa jirani aliyeiba kiatu, Mwalimu akacheka bila kizuizi. Kumbe ana mwanya, na akicheka ukali wote unahama. Mimi sikufuata hata nusu. Akanitahini: lala, ogopa, kesho, uma, usilie. Sifuri. Akaandika ubaoni: "Unazo kadi?" Nikaandika: "Zinakataa kuja." Akanitazama vile wateja wanavyonitazama nikisema vipuri havijafika.

Njiani Chiriku akanishika mkono. "Baba, usijali, mimi nitakufundisha." Alipiga kelele mpaka watu wakageuka, yeye akidhani ananong'ona.

12 Aprili

Amesikia: mlango ukibamizwa. Basi.

15 Aprili

Nimegombana na Mama Chiriku. Nilimwambia sare za watu zinachelewa, wateja wanapiga simu, kutwa anafanya nini? Akasema anachoka. Nikamwambia anayechoka ni mimi ninayejifunza peke yangu nyumba nzima, na kichwa chenyewe hakishiki, na siku ikifika mtoto atakuwa na mzazi mmoja bubu na mwingine mkaidi. Neno lilinitoka. Akatunga uzi kwenye sindano, ukamponyoka, akatunga tena.

Nimelala na mgongo wake.

20 Aprili

Chiriku karudi shuleni amelowa chapachapa. Mwavuli kamwazima rafiki yake. Nimemkausha kwa taulo mpaka akalalamika namchuna ngozi.

21 Aprili

Anapiga chafya. Hana joto. Nimempima kila niliponyanyuka.

22 Aprili

Ana joto.

25 Aprili

Naandika kwenye benchi la wodi ya watoto, na naandika yote.

Homa ilipanda juzi mchana. Dawa ya maji iliiteremsha kidogo, ikapanda tena, akaanza kuweweseka. Tulimbeba tukamleta hapa. Muuguzi aliyetupokea alituambia maji yamempungua na kifua kina maambukizi, lakini tumemuwahi. Nilimweleza habari ya sikio. Akasema kwanza tuokoe mtoto, sikio baadaye. Nilikubali. Ningekubali chochote.

Jana asubuhi joto lilishuka. Muuguzi kasema hatari imepita, nikamshukuru kama mwehu. Mama Chiriku alikuwa na beseni, anamfuta miguu. Mimi nilikuwa kichwani pake. Akafumbua macho. Nikasema, "Chiriku wangu, umeamka?"

Akanitazama mdomo.

"Baba?" akasema. Halafu kwa nguvu: "Baba, sema!"

"Nasema, mama. Nasema."

"Mbona mnachezesha midomo tu? Mbona hamsemi?"

Nilimvalisha kifaa. Nilikiwasha, nikakizima, nikabadilisha betri. Nikamwita sikioni. Watoto wengine wodini waliamka kwa kelele yangu, na yeye hata kope haikucheza. Alianza kulia huku anajishika koo, kwa sababu hata kilio chake hakukisikia, akadhani hakitoki. Hicho ndicho sitakisahau.

Nikainua mikono. Siku zote hizi nilikuwa nikijiandaa kwa dakika hiyo moja. Nilitaka kumwambia usiogope. Usiogope inaanzia wapi? Kifuani? Kidevuni? Mikono ikasimama hewani. Nikatoa kilichokuwepo. Nikamwambia: maji. Nikamwambia: baba. Halafu, Mungu anisamehe, nikamwambia: ng'ombe.

Mtoto alinitazama kwa hofu ya mtu aliyeachwa na wote wawili, masikio na baba yake.

Mama Chiriku akaweka beseni chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akanisogeza kwa bega, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamshika Chiriku kidevu, taratibu, mpaka macho yao yakakutana. Kisha akaanza.

Sikujua nianze kutazama wapi. Mikono ya mke wangu ilikuwa inasema. Haikuwa inatafuta; ilikuwa inasema, alama baada ya alama, na uso nao unasema, kama Mwalimu afanyavyo. Niliokota vipande tu: homa, masikio, mama hapa, baba hapa. Chiriku aliacha kulia. Akatoa mkono mmoja chini ya shuka, ule wenye sindano, akauliza kitu kifupi. Mama yake akatikisa kichwa, akajibu. Akarudia jibu lile lile mara nyingi mpaka mtoto akalala.

"Kauliza nini?" nikamuuliza.

"Kauliza kama tumemkasirikia. Kwa ajili ya mwavuli."

Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, lakini ilibidi mtu aseme.

"Ni wewe uliyekuwa unazimaliza."

"Ukitoka tu kwenda kazini, mimi nafungua." Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Nilikuambia simo. Ningerudije kusema nimo? Halafu kila ukienda kwenye mafriji ya watu nawaza, homa ikija mchana, mimi niko naye peke yangu, nitaongea naye na nini? Nilikuwa nakuachia zako chache. Shemeji yako alipozirudisha zote, zikawa nyingi, nikaogopa zitalala zitaharibika. Nikazimaliza."

"Nilidhani nachanganyikiwa, Mama Chiriku. Nilidhani kichwa changu kimekwisha."

Aliziba mdomo kwa kanga. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani naye hakujua.

28 Aprili

Tumerudi nyumbani. Daktari wa masikio amepima: kulia hakuna kitu. Amesema hakitarudi.

Shemeji kaja. Alipoelezwa alijipiga paji la uso. "Vichwa viwili, akaunti moja! Mashine ilikuwa inadhani ni mtu mmoja: mchana ana akili za ajabu, jioni bwege." Akaanza kucheka, akamwona Chiriku mlangoni anatutazama midomo, akaacha. Ametutengenezea akaunti mbili. Ya dada yake ameiacha na kila kitu. Yangu imeanza upya, na kadi nilizo nazo kwa haki yangu ni za mtoto wa chekechea.

3 Mei

Chiriku haongei. Hasemi kwa mdomo, hasemi kwa mikono. Tukimwonyesha alama, anafumba macho.

Ukimya wa mtu anayesikia unaweza kuuvunja. Huyu akifumba macho hakuna pa kupitia. Nimebaki na mikono hewani mbele ya kope zilizobanwa, na naogopa kuliko nilivyoogopa wodini.

4 Mei

Anafumba.

6 Mei

Mwalimu kaja mwenyewe, viatu vimejaa tope. Aliketi chini na Chiriku, hakumwonyesha kitu, alichora tu. Kaniandikia: "Msimlazimishe kufumbua. Macho ndiyo mlango wake sasa, na ufunguo ni wake. Kaeni pale atakapowaona." Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilimtilia shaka huyu mama siku ya kwanza kwa sababu alinitazama vibaya. Alikuwa anatazama tu.

9 Mei

Jambo geni: mchana anafumba macho tukimsemesha, lakini ikifika saa ya kulala hataki kuyafumba. Anakodoa mpaka yanakuwa mekundu, usingizi unamwangusha kwa nguvu, kisha anashtuka, anakimbia chumbani kwetu, anatugusa, anarudi. Anakonda. Muuguzi wa zahanati anasema ni mshtuko, utapita. Mpaka leo haujapita.

10 Mei

Tena, Tena, Tena. Kadi ya "ondoka" imenirudia jioni nzima mpaka Mama Chiriku, anayesubiri tableti, akaguna. Nimeipata mwishoni. Namfanya anisahihishe. Ana subira kuliko nilivyostahili kwa maneno niliyompa.

14 Mei

Mvua imepungua. Hajasema.

17 Mei

Leo sikwenda kazini. Mchana Chiriku alikuwa amekaa kwenye godoro lake, kichwa kinamwangukia kifuani kwa usingizi, anakiinua, kinaanguka. Nilikaa sakafuni pale atakaponiona. Sikumwonyesha chochote. Mama yake alikuwa kwenye cherehani chumba cha pili, mashine inanguruma.

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mikono. Ilikuwa mizito, na alama zake zilikuwa tatu au nne tu.

Mimi, lala. Nyinyi, ondoka?

Niliifahamu. Moyo ulinipiga kwa kuifahamu, kabla hata sijajua imeniambia nini. Nikamwonyesha kwamba sijaelewa vizuri, aendelee. Akaonyesha sikio, akaonyesha ukuta wa chumba cha cherehani, akatikisa kichwa. Akaonyesha jikoni, akatikisa kichwa. Akafumba macho kidogo, akayafumbua kwa haraka, akatandaza mikono kuizunguka nyumba nzima: hakuna mtu.

Ndipo nikaelewa mtoto huyu amekuwa akipigana na nini. Tangu azaliwe amelala akitusikia. Sufuria, cherehani, mimi nikigombana na redio. Hivyo ndivyo alivyojua tupo. Sasa akifumba macho, nyumba inakuwa tupu, na kila akilala ni kama anatuacha tuondoke. Sisi tulikuwa tunajitayarisha kumwambia maji na mkate.

Nikamjibu. Baba hapa. Mama hapa. Wewe lala, sisi hapa. Kesho hapa. Nilikosea "kesho", akanirekebisha bila kutabasamu, kwa ukali, kisha akanitaka nirudie. Nikarudia. Nikamwita mama yake, naye akaja na uzi shingoni, akasema maneno hayo hayo kwa mikono yake iliyo bora kuliko yangu.

Chiriku alitutazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anayetuhesabu. Halafu akaushika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote, akalala.

Amelala mpaka sasa. Mama Chiriku amesogeza cherehani karibu, mguu wa meza unagusa godoro, ili mtikisiko umfikie. Ninaandika haya kwa mkono mmoja tu. Nikiusogeza ule mwingine hata kidogo, anafumbua macho, anahakikisha nipo, anayafumba tena.